Jiandae Kushuka: Mwongozo kwa Anayetaka Kupanda Kilimanjaro Akiwa na Goti au Kifundo Kilichoumia

Kila mwaka, 9 Desemba inapokaribia, makundi ya Watanzania hujiandikisha kupanda Kilimanjaro kuadhimisha Uhuru. Humo hakosekani aliyeteguka kifundo cha mguu kwenye bonanza la mpira, wala mwenye goti linalomsumbua tangu aanguke na bodaboda. Kijitabu hiki ni chake. Hatumwambii abaki nyumbani, ila tunamtaka aanze mapema, Agosti ikiwezekana, na abadili aina ya mazoezi.

Wengi hufanya mazoezi ya kupanda, kana kwamba safari inaishia kileleni. Tazama njia ya Machame. Usiku wa kilele mnatoka kambi ya Barafu, mita 4,673, hadi kilele cha Uhuru, mita 5,895. Hapo mmepanda mita 1,200 na ushei. Siku hiyohiyo mnateremka hadi kambi ya Mweka, kwenye mita 3,100 hivi: karibu mita 2,800 za mteremko, kwa miguu iliyokesha. Kupanda hukata pumzi. Goti huumizwa na kushuka, kwa sababu misuli ya mbele ya paja hugeuka breki: inakaza huku inavutwa, hatua baada ya hatua.

Jeraha lijulikane kwanza

Usianze mazoezi kwa kukisia. Muone daktari au mtaalamu wa fiziotherapia ikiwa goti linakwama lisinyooke, linalegea ghafla ukitembea, lilivimba saa chache tu baada ya kuumia, au huwezi kuukanyagia mguu. Shavu la mguu likivimba na kuuma upande mmoja, hasa baada ya upasuaji au kulala kitandani kwa muda mrefu, nenda hospitali siku hiyohiyo. Huenda damu imeganda ndani ya mshipa.

Na lile la nyumbani: mguu ukiteguka leo, usiukande kwa maji ya moto wala usiruhusu mtu auvute "urudi mahali pake". Siku mbili tatu za mwanzo unahitaji baridi, bandeji isiyobana mno, na kuinuliwa juu ya mto. Barafu ifunge kwenye kitambaa, isiguse ngozi.

Mazoezi

Maumivu yakishapungua, anza na nguvu. Egemea ukuta kwa mgongo, kunja magoti kidogo kama unayetaka kuketi, ushikilie hapo kadiri unavyoweza bila maumivu kuzidi. Kisha njoo kwenye zoezi tunalolithamini kuliko yote: simama juu ya ngazi moja fupi, shusha mguu usioumia taratibu hadi kisigino kiguse chini, halafu rudi juu. Mguu ulioumia ndio unaobaki juu na kubeba uzito. Angalia goti lisiingie ndani, lielekee vidole. Usiharakishe, maana faida yote imo katika ule utaratibu wa kushuka. Mwenye kifundo kilichoumia asimame kwa mguu mmoja anapopiga mswaki, akizoea ajaribu amefumba macho, karibu na ukuta.

Siku za katikati tunza pumzi kwa baiskeli au kuogelea, ambako mguu haupigwi na ardhi. Misuli na kano haziimariki kwa wiki mbili. Zipe miezi miwili au mitatu, siku mbili tatu kwa wiki, na siku ya kupumzika katikati.

Mkazi wa Dar es Salaam hana mlima, lakini ana maghorofa. Panda ngazi kwa miguu na ushuke kwa miguu. Anayepanda ngazi kisha akashuka kwa lifti ameacha nusu iliyo muhimu. Baadaye nenda milima ya Uluguru, juu ya mji wa Morogoro, ukiwa na viatu na mkoba utakaobeba mlimani. Viatu vipya havizoezwi Kilimanjaro.

Utajuaje kama umezidisha? Maumivu madogo wakati wa zoezi yanavumilika yakitulia kufikia asubuhi. Ukiamka goti limevimba, au linauma kuliko jana, punguza. Lisipotulia, rudi kwa mtaalamu.

Chagua njia kwa ajili ya goti

Njia ya Marangu hudharauliwa na wanaopenda sifa. Kwa mwenye goti bovu ina faida: unarudi kwa njia uliyopandia, mteremko wa chini ni wa taratibu, na unalala kwenye mabanda. Mteremko wa Mweka ni mkali, na msituni huwa na matope mvua ikinyesha. Marangu isifanywe kwa haraka, hata hivyo. Lipia siku ya ziada ya kuzoea hewa kambi ya Horombo, mita 3,720. Mguu nao utapumzika. Beba fimbo mbili za kutembelea na uzirefushe kidogo wakati wa kushuka.

Vidonge

Kumeza diklofenaki au ibuprofeni ili goti "linyamaze" usiku wa kilele ni hatari. Maumivu yakifichwa, unaendelea kulikanyagia jeraha. Dawa hizi pia huweza kuumiza tumbo na figo, zaidi kwa mtu aliyepungukiwa maji, na mlimani wengi hupungukiwa. Ongea na daktari kabla ya safari.

Mwambie kiongozi

Kiongozi wa msafara aelezwe habari za jeraha kabla ya kufika getini. Akijua, atakupanga mbele ambako mwendo ni wa polepole, na atatenga msaidizi wa kukaa nawe kwenye changarawe chini ya Gilman's Point, katika njia ya Marangu, mahali ambapo wengi huteleza. Usione haya mbele ya wenzako wa ofisini. Mguu ukikataa, sema ukiwa kambi ya Horombo au ya Kibo, wakati bado unaweza kuteremka mwenyewe. Ukingoja hadi ushindwe kukanyaga, wagumu, yaani wapagazi, ndio watakaokushusha kwa machela, kwenye giza na baridi, nao pia wana magoti.