Paipu ya Boila Isizibwe



Baridi ya Kericho na Bomet twaijua sote. Anayeshinda shambani akichuma majani chai huku mvua inamnyeshea anataka maji moto jioni, na ndiyo sababu baadhi yetu tumejenga boila ya kuni nyuma ya jikoni.

Juzi tulimtembelea jirani mmoja tukakuta paipu ya valvu ya usalama imezibwa kwa kijiti na raba. Kisa? "Inadondosha maji, ukuta unachafuka." Lo! Tulizitoa kuni upesi, tukawaondoa watoto, wala hatukukigusa kijiti kile mpaka boila ikapoa kabisa.

Maji yakipata moto hupanuka. Huku kwetu, kwenye mwinuko wa mita 2,000 hivi, maji ya sufuria huchemka yakifika karibu digrii 93. Lakini ndani ya boila iliyofungwa presha huyazuia yasichemke, nayo yanazidi tu kupata moto. Siku chuma kikipasuka, sehemu yake inageuka mvuke mara moja, na kila lita moja ya maji inayogeuka hutoa zaidi ya lita 1,600 za mvuke. Valvu ndiyo mlango wa kuokoa nyumba.

Basi paipu yake iwe ya chuma au kopa, isiwe nyembamba kuliko mdomo wa valvu. Iteremke mwanzo hadi mwisho, maji yasituame ndani. Koki isiwekwe popote.

Imalizikie wapi? Hapa ndipo mafundi wengi huharakisha. Imalizikie nje, karibu na ardhi, ikitazama chini kwenye mtaro au changarawe. Isielekee njia ya watoto, wala pale akina mama huoshea vyombo, wala mlango wa kutilia kuni, maana mchochea moto ndiye aliye karibu zaidi. Tena ionekane: ikidondosha mfululizo inakuambia umwite fundi.

Kama boila yako ina paipu ya kupumulia inayopanda juu ya tangi, nayo isizibwe.

Mtu akiungua, mmwagilie maji safi ya baridi kwa dakika 20, kisha hospitali. Dawa ya meno na mafuta, hapana.

Zoezi: kabla ya mkutano ujao, moto ukiwa umezimwa na boila imepoa, kila mmoja aifuate paipu yake kutoka valvu hadi mwisho. Ukikuta imezibwa, usiwashe moto mpaka fundi afike.