Bana, Usichungulie

Wadogo zangu, leo tuzungumze kuhusu damu ya mdomoni, maana najua inavyowatia kiwewe. Mtoto kajikwaa kizingitini, mdomo umegonga meza, mara shati lote limeloa na mama naye anatetemeka. Tulia kwanza, mpenzi. Mdomo umejaa mishipa midogo ya damu, na damu ikichanganyika na mate huonekana nyingi kuliko ilivyo. Mishipa hiyo hiyo ndiyo inayofanya kidonda kidogo cha mdomoni kipone upesi, mara nyingi siku 3 au 4 tu.

Nawa mikono. Mkalishe ainamie mbele na damu aiteme, kwani akiimeza itamtapisha. Chukua kitambaa safi, ukandamize palipokatika. Mdomo uubonyeze kwa nje mpaka ugandane na meno. Ulimi ubane kwa kitambaa katikati ya vidole viwili. Kaa hivyo dakika 10, tena ukitazama saa. Hapa ndipo wengi mnapoharibu: mnabana kidogo, mnafunua muone, mnabana tena. Kila ukifunua unabandua damu iliyoanza kuganda. Kuna kile kijinyama kinachoshikanisha mdomo wa juu na ufizi, watoto wanaojifunza kutembea hukichana sana. Damu yake hurudi kila mtu anapouinua mdomo, na kwetu shangazi, bibi na jirani wote wanataka kuona. Wakatalie kwa adabu. Hupona chenyewe, kwa kawaida hata kushonwa hakuhitaji.

Damu ikikatika, mpe barafu ya kunyonya, uvimbe upungue. Majivu, unga wa kahawa, spiriti, mafuta ya taa: nawaomba, msiweke. Aspirini mtoto asipewe kabisa. Mpe parasetamo kwa kipimo chake. Pilipili, ndimu, achari na chai ya moto zisubiri. Anayejua kusukutua aanze kesho yake, kila baada ya kula, kwa glasi ya maji vuguvugu yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi. Ukiona utando mweupe juu ya kidonda siku ya pili au ya tatu, usiukwangue. Si usaha, kidonda kinajijenga.

Ila nenda hospitali kama damu haikatiki baada ya zile dakika 10, kama kidonda kimeachama, kimetoboka hadi nje, au kimekata ukingo wa mdomo. Jino likivunjika, tafuta kipande chake. Usipokiona, mwambie daktari, huenda kimezama ndani ya mdomo.

Na mtoto aliyeanguka na penseli, mswaki au kijiti cha mishkaki kinywani, akajichoma nyuma karibu na koo, mpeleke hata kama damu imekauka na anacheza. Pembeni mwa koo hupita mshipa mkubwa unaopeleka damu kwenye ubongo, na tundu dogo kwa nje laweza kuwa refu kwa ndani. Kijiti kikiwa bado kimekwama, usikichomoe. Nenda nacho hivyo hivyo.