CHAKULA CHA MAPUMZIKO KWA WATOTO WADOGO

Wazazi na walezi wa watoto wa skuli za maandalizi, Unguja na Pemba, wanakumbushwa kwamba tumbo la mtoto ni dogo. Hula kidogo, na huhitaji kula tena kabla ya mchana. Lakini chakula kilichofungwa saa 12 asubuhi na kuliwa saa 4 hushinda katika joto muda wa saa 4, ilhali vyakula vilivyopikwa, kama samaki, mayai na maharage, havifai kukaa nje zaidi ya saa 2.

Kwa hivyo, vyakula hivyo viliwe nyumbani kabla ya kuondoka. Mkobani mtoto atiliwe ndizi mbivu au chenza, matunda yanayokingwa na maganda yake na ambayo mtoto huweza kuyamenya mwenyewe, pamoja na mkate uliopakwa njugu zilizosagwa. Aliye chini ya miaka 5 asipewe njugu nzima, kwani huweza kumpalia na kumziba pumzi.

Maji yawe yaliyochemshwa, katika chupa safi yenye kifuniko. Aidha, mtoto afundishwe kunawa mikono kwa sabuni kabla ya kula.