Mwanamalundi alikuwa mcheza ngoma

Ukitaja jina la Mwanamalundi mahali popote Usukumani, iwe Kishapu, Kwimba, Kahama au kule Geita machimboni, hukosi mtu wa kukusimulia. Atakuambia habari ya miti. Atasema Mwanamalundi alinyosha kidole, miti ikakauka papo hapo. Atasema Wajerumani walimfunga, wakashindwa kumweka gerezani. Sawa. Hadithi hizo ni tamu na hatutazigombania hapa.

Leo tusome habari yake nyingine, ambayo mimi naiona ni kubwa kuliko ile ya miti. Mwanamalundi alikuwa mcheza ngoma.

Jina lake la kuzaliwa ni Igulu Bugomola. Mwanamalundi ni jina la sifa. Wewe unayejua Kisukuma huhitaji kufasiriwa: malundi ni miguu. Alikuwa na miguu mirefu. Basi angalia, watu walimwita kwa miguu yake, siyo kwa kidole chake! Alitokea upande wa Nera, huko Kwimba. Alifariki mwaka 1936, na kaburi lake liko Seke, katika Wilaya ya Kishapu.

Ili tuelewe ukubwa wa mtu huyu, tukumbuke kwanza ngoma ya Usukumani inavyochezwa. Wenzetu wengi hucheza ngoma harusini au kwenye jando, na watu hutazama tu. Kwetu ngoma ni mashindano. Toka miaka ya 1800 kuna vyama viwili vikubwa vya ngoma, Bagika na Bagalu. Inasimuliwa kwamba vilianzishwa na waganga wawili waliokuwa wakishindana, mmoja Ngika na mwingine Gumha. Mavuno yakiisha, pamba imeuzwa na mtama uko ghalani, vyama hukutana uwanjani.

Sasa hapo ndipo kuna ajabu. Hawachezi kwa zamu. Wanacheza wakati mmoja, hawa upande huu na wale upande ule, ngoma zote mbili zinalia. Mtazamaji yuko katikati na miguu ni yake. Akichoka na hawa anahamia kwa wale. Mwisho wa siku, upande wenye watu wengi ndio ulioshinda. Hakuna karatasi ya alama.

Hebu jiweke mahali pa manju, yaani yule kiongozi anayetunga nyimbo na kuongoza wachezaji, ambaye kwa Kisukuma tunamwita ningi. Jua ni kali. Watu mia tatu wako mbele yako. Ukirudia wimbo mmoja mara nyingi mno, unaona migongo inageuka. Ukiubadilisha mapema, wachezaji wako wanachanganyikiwa. Inabidi ujue lini utupe fumbo la kumchoma mpinzani, lini uchekeshe, lini unyamazishe ngoma zote ibaki njuga za miguuni peke yake. Wengine huleta chatu, wengine huleta sanamu za mti zinazotikisa mikono, ili tu mtu asiondoke. Nyimbo mpya hutungwa miezi mingi kabla, na kwa siri, maana mpinzani akizisikia amekwisha kukushinda.

Kazi hiyo ndiyo aliyoifanya Mwanamalundi. Hakuwa na redio wala gazeti la kumtangaza, na hata hivyo jina lake lilienea nchi nzima ya Usukuma.

Najua msomaji mmoja atasema, "Mwalimu, alikuwa na dawa." Ni kweli, vyama hivi vina dawa ya mvuto inayoitwa samba, na kila manju mkubwa alisifiwa kwa samba yake. Sitabishana na mtu juu ya dawa. Nitauliza jambo moja tu: kuna dawa gani inayoweza kumfanya mtu asiyejua kucheza aende sawa na ngoma toka saa nne asubuhi mpaka jua kuzama? Miguu ile ilifundishwa. Ilichoka, ikapumzika, ikafundishwa tena. Tukisema kila kitu kilitoka kwenye dawa, tunamnyang'anya mzee wetu jasho lake.

Tutoke kidogo, twende mbali, kisha tutarudi. Huko Japani kuna mchezo wa jukwaani unaoitwa kabuki. Una maneno, nyimbo, ngoma na kucheza, vyote pamoja. Inasemekana ulianzishwa karibu mwaka 1603 katika mji wa Kyoto na mwanamke mcheza ngoma aliyeitwa Okuni. Mwaka 1629 watawala wakakataza wanawake kupanda jukwaani, na toka hapo wanaume ndio huigiza hata mahali pa wanawake.

Mmoja wa wachezaji wakubwa wa kabuki anaitwa Bando Tamasaburo. Alizaliwa Tokyo mwaka 1950, na hakuzaliwa katika nyumba ya waigizaji. Alipokuwa mtoto mdogo alipata ugonjwa wa polio, akafundishwa kucheza ili miguu yake ipate nguvu. Mtoto yule wa miguu dhaifu ndiye aliyekuja kuwa hodari, hata mwaka 2012 serikali ya Japani ikampa heshima ya kuitwa hazina hai ya taifa. Yaani mtu mwenyewe, angali anapumua, anahesabiwa kama mali ya nchi.

Lakini nilichotaka uone ni jina lake. Yeye ni Tamasaburo wa tano. Mwigizaji mmoja mkubwa alimchukua akawa mwanawe, na mwaka 1964 akapewa jina hilo ambalo wanne walikuwa nalo kabla yake. Katika nyumba zile jina halitolewi bure. Pamoja na jina, kijana hufundishwa michezo yenyewe: mkono uinuliwe wapi, kichwa kigeuzwe lini, mguu ukanyage vipi. Kwa hiyo mchezo wa mtu aliyekufa zamani sana unaonekana leo katika mwili wa mtu aliye hai.

Turudi kwetu. Nani ni Mwanamalundi wa pili? Jina tunalo, na watoto wanaitwa kwa jina hilo. Je, mchezo wake tunao? Muulize mzee wa kijijini kwako alivyokanyaga, wimbo gani alianza nao, ngoma ngapi zilimpigia. Ya miti atakueleza mpaka usiku. Haya mengine wengi watakuna kichwa.

Siyo kwamba jambo hili haliwezekani hapa Tanzania. Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma, alikuwa mpiga zeze na marimba, mwimbaji na mchezaji. Mwalimu Nyerere alimwita Dar es Salaam aimbie taifa. Baadaye alikaa Bagamoyo, akafundisha kwenye Chuo cha Sanaa, ambacho sasa ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni. Alikwenda Ulaya na Japani, akarekodiwa. Alifariki Desemba 2003. Lakini nyumbani kwake alikuwa amekwisha kufundisha watoto, wajukuu na ndugu. Mwaka 2024 binti yake Pendo na mjukuu wake Leah walitoa santuri yao wenyewe. Tena wao ni wanawake, ambao zamani katika muziki ule hawakuachiwa kutangulia. Mzee amelala kaburini, zeze bado linalia.

Na huku kwetu pia kuna waliojitahidi. Pale Bujora, karibu na Kisesa njia ya Mwanza, Padri David Clement kutoka Kanada alisaidiana na wazee kuanzisha makumbusho ya Wasukuma, mwaka 1968. Ngoma na viti vya watemi vimewekwa pale. Na sikukuu ya Bulabo, ambayo Bagika na Bagalu hushindania, imesaidia sana kuweka hai mashindano. Ila ngoma iliyowekwa ndani ya nyumba haijui mdundo wake. Mdundo uko kwenye mikono ya mtu.

Na mtu huyo anazeeka. Kijana ambaye angekaa miguuni pake msimu mzima yuko Geita anachimba dhahabu, na sisemi amekosa, kila mtu anatafuta riziki. Lakini anaporudi na fedha zake, mzee keshazikwa.

Ndiyo maana nakuandikia wewe uliyehitimu kisomo. Zamani manju alikuwa na shida moja: waliompenda hawakujua kuandika. Wewe unajua. Chukua daftari la kurasa arobaini na umtafute manju mmoja aliye hai, Mgika au Mgalu, hata wa wigashe wanaocheza wameketi, au wa bugobogobo wanaorusha majembe. Mwombe ruhusa kwanza, maana wimbo ni mali yake. Andika wimbo kwa Kisukuma kama anavyouimba, usiutafsiri. Juu ya ukurasa andika jina lake, kijiji, mwaka alioutunga, na aliyefundisha yule mzee alikuwa nani. Mwulize wimbo ulimchoma nani na kwa nini, maana fumbo lisiloelezwa likiandikwa linabaki fumbo. Kama mjukuu ana simu, apige picha ya miguu pia, siyo uso tu.

Usipoweza kuandika haraka, mwambie arudie. Wazee hawa wamezoea kurudia. Wimbo wakiupenda watauimba mara kumi. Anza na mzee mwenye umri mkubwa kuliko wote, na uende wiki hii.