Daftari la Mto: Kijitabu kwa Wakazi wa Vijiji Vinavyopakana na Machimbo ya Dhahabu, Kanda ya Ziwa



Kijitabu hiki tumemwandikia kwanza mtu anayechota maji. Kinamhusu pia mfugaji anayenywesha ng'ombe mtoni, mvuvi, mkulima wa bustani za bondeni, na mchimbaji mdogo ambaye watoto wake wanakunywa maji hayo hayo. Hakidai elimu ya chuo. Kinadai daftari, kalamu, na mtu aliye tayari kurudi mahali palepale kila wiki, jua au mvua.

Malalamiko ya maji machafu kwenye mikutano ya vijiji mara nyingi huwa ya kweli kabisa, na bado hayafiki popote. Afisa anauliza: lini, wapi, mara ngapi? Mkutano unajibu kwa sauti moja, "Kila siku!" Afisa anafunga faili. Watu wanatawanyika wakiamini wamepuuzwa, na pengine wamepuuzwa kweli. Lakini hata afisa mwenye nia njema hana la kufanya na neno "kila siku". Akipewa tarehe, saa na mahali, ana pa kuanzia.

Waliotangulia kuona

Katika mji wa Minamata, Japani, watu wa kwanza kujua kwamba bahari yao ina sumu walikuwa wavuvi, na waliojulisha wavuvi walikuwa paka. Paka waliokula mabaki ya samaki walianza kuyumba, kuzunguka kama walevi na kutumbukia majini. Baadaye ikawa zamu ya watu, watoto kwa wakubwa: mikono inatetemeka, ulimi mzito, macho hayaoni vizuri. Ugonjwa huo uliripotiwa rasmi Mei 1, 1956. Chanzo kilikuwa zebaki iliyomwagwa na kiwanda kwenye ghuba. Serikali ya Japani ilitamka rasmi kuwa kiwanda ndicho chanzo mwaka 1968. Ni miaka 12, na katika miaka hiyo watu waliendelea kula samaki.

Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki umepewa jina la mji huo. Ulipitishwa mwaka 2013, ukaanza kutumika 2017, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020.

Karibu na kwetu zaidi kuna Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa uliojengwa jirani na kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu. Phyllis Omido, aliyekuwa ameajiriwa kiwandani hapo, aliona mtoto wake mchanga anaugua bila kupona. Malaria haikuonekana, homa ya matumbo haikuonekana. Damu ilipopimwa madini ya risasi, ndipo jibu likapatikana. Kutoka kwa mtoto huyo mmoja wakapimwa watoto wengine, na kutoka vipimo hivyo ikazaliwa kesi. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, na mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Kilichobeba kesi hiyo ni karatasi za vipimo, zilizokusanywa moja moja.

Zebaki haina rangi majini

Hapa tunaomba usome polepole, maana ndipo wengi wanapokosea.

Mchimbaji mdogo husaga mawe kwenye karasha, huosha unga wake kwenye mwalo, kisha huchanganya na zebaki ili ishike dhahabu. Donge linalopatikana huchomwa. Zebaki inapaa kama mvuke, dhahabu inabaki. Mvuke huo hauna harufu ya kukuonya. Anauvuta anayechoma, anauvuta mama aliye jirani na moto akiwa na mimba, na unaobaki hutua kwenye paa, kwenye nguo na kwenye udongo wa uani. Zebaki nyingine hubaki kwenye marudio, yaani mchanga uliokwishaoshwa, na mvua inapokuja huteremka mtoni. Kwenye tope la chini ya maji vijidudu huigeuza kuwa sumu kali zaidi inayoingia kwenye samaki. Samaki mkubwa anayekula wenzake hubeba zaidi ya mdogo.

Kwa hiyo maji yanaweza kuwa maangavu na yana zebaki, na yanaweza kuwa ya tope na hayana. Macho hayawezi kuamua. Asikudanganye mtu kwamba anaipima kwa ulimi au kwa rangi. Zebaki hupimwa maabara tu.

Basi mkazi aandike nini? Aandike kinachoonekana. Marudio yamerundikwa wapi, na ni hatua ngapi kutoka ukingo wa mto? Dhahabu inachomwa wapi: kwenye kifaa kilichofungwa kinachonasa mvuke, au kwenye kikaango jikoni? Maji ya mwalo yanarudi wapi? Hayo yanaonekana kwa jicho la mtoto wa darasa la nne, nayo ndiyo yanayomwambia mtaalamu achukue sampuli mahali gani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bwawa. Mita 60 unaweza kuzipima kwa kamba. Pimeni mkiwa wawili, andikeni.

Sianidi, inayotumika kwenye mitambo ya kuchenjua marudio, ina tabia nyingine. Inaua upesi. Ukikuta samaki wengi wamekufa kwa mkupuo, au ndege na mbuzi wamelala kando ya dimbwi bila jeraha, ondokeni hapo. Msiguse maji, msile samaki hao wala nyama hiyo, msiwanyweshe mifugo. Taarifa ya namna hii haingoji daftari wala mkutano: mpigieni mwenyekiti wa kijiji saa hiyohiyo.

Sehemu mbili za mto

Chagueni sehemu mbili. Moja iwe juu ya mwalo, ambako maji hayajafikiwa na shughuli zozote. Ya pili iwe chini yake, kabla kijito kingine hakijaingia. Mkipima sehemu moja tu mtaambiwa mto ndivyo ulivyo, au mvua ndiyo iliyouchafua. Mkipima mbili kwa siku moja, mto wenyewe unajibu swali hilo.

(Neno "mwalo" linatuchanganya Kanda ya Ziwa, kwa sababu wavuvi nao huliita hivyo eneo la kushushia samaki. Kwenye daftari andikeni "mwalo wa dhahabu" au "mwalo wa samaki", msije mkampeleka afisa siko.)

Kila wiki, siku ileile na saa ileile ikiwezekana, jazeni chupa ya plastiki isiyo na rangi kwa kila sehemu. Wekeni nyuma yake karatasi yenye maandishi makubwa. Yanasomeka? Yanasomeka kwa shida? Hayasomeki? Andikeni hivyo hivyo. Iacheni chupa itulie hadi kesho, kisha pimeni kwa rula tope lililozama. Kipimo hiki cha kimaskini kikifanywa wiki 20 mfululizo kina nguvu kuliko kipimo kimoja cha mashine ya gharama.

Halafu geuzeni mawe. Chini ya mawe ya mto kunaishi wadudu wadogo, na kila jamii ina kiwango chake cha kuvumilia uchafu. Wataalamu wa Tanzania wana utaratibu wao wa kuusoma mto kwa wadudu hao, nasi tunachukua sehemu yake iliyo rahisi. Kidudu bapa chenye mikia miwili kama nyuzi, au kingine chenye mikia mitatu na mapezi madogo yanayopepea ubavuni, huishi penye maji safi yenye hewa nzuri. Mabuu ya kereng'ende huvumilia kidogo zaidi. Ruba, minyoo na mabuu mekundu huweza kuishi hata pachafu. Mkikuta wadudu wa mikia juu ya mwalo, na chini yake mkakuta ruba na mabuu mekundu tu, wiki baada ya wiki, kuna kitu katikati. Wadudu hawatawaambia ni kitu gani. Wanawaambia mkamwite mwenye maabara.

Huu ni mfano wa ukurasa mmoja: "Jumamosi, saa 1 asubuhi. Mvua haijanyesha siku 4. Sehemu ya juu: maandishi yanasomeka, wadudu 9 wa mikia. Sehemu ya chini: hayasomeki, maji rangi ya maziwa, ruba 3, hakuna wadudu wa mikia. Karasha zilikuwa zinafanya kazi tangu alfajiri. Tulikuwa wawili." Hauna tusi, hauna jina la mtu, hauna "nadhani". Nadharia zenu zina nafasi yake, tena nzuri. Ziwekeni kurasa za nyuma za daftari.

Mkiombwa sampuli, tumieni chupa iliyotolewa na maabara yenyewe na mfuate maelezo yao. Simameni mkitazama maji yanakotoka ili msichote tope la miguu yenu.

Mvua, milima na kuta za mabwawa

Kutazama hakuishii mtoni. Novemba 7, 2022 ukuta wa bwawa la tope la mgodi wa almasi wa Mwadui, Kishapu, ulipasuka. Tope lilifunika mashamba na nyumba. Desemba 3, 2023, baada ya mvua kubwa, tope na mawe kutoka Mlima Hanang vilishukia Katesh na vijiji vya jirani, wakafa watu zaidi ya 80.

Kijiji kilicho chini ya ukuta wa bwawa kiutazame ukuta huo kama kinavyotazama mbwa asiyefungwa. Chini yake pameanza kulowana wakati wa kiangazi? Maji yanayovuja yamegeuka tope? Pana ufa? Kwa walio chini ya mlima, tazameni nyufa za ardhi, miti iliyoanza kuinama upande mmoja, na chemchemi iliyogeuka tope ghafla. Dalili moja inawadanganya wengi: mvua inanyesha lakini mto unapungua. Watu hufurahi. Huenda maporomoko yameuziba mto huko juu, na maji yanajikusanya. Pandeni sehemu iliyoinuka, kando na njia ya maji, msirudi kuchukua magodoro.

Kipimo cha mvua chaweza kuwa kopo lolote lenye ukuta ulionyooka, liwekwe mbali na miti na paa. Kina cha maji kwa rula, kwa milimita, ndicho kiasi cha mvua. Kisomwe kila siku saa 3 asubuhi.

Simu na usalama

Picha ni nzuri, ila ikitumwa kwa WhatsApp hupoteza taarifa za siku na mahali ilipopigwa. Tunzeni picha ya asili kwenye simu iliyopiga. Pigeni picha mbili: ya karibu, na ya mbali inayoonyesha mti au jengo linalojulikana.

Msiende peke yenu. Msiingie kwenye duara la mtu, yaani shimo lake la kuchimbia, wala ndani ya uzio wa mtambo. Simameni kwenye njia ya umma. Na tunasihi kwa moyo wote: msiugeuze ufuatiliaji huu kuwa vita na wachimbaji. Wengi wao ni vijana wetu, na zebaki inaanza na mapafu yao. Kikundi kizuri kina mchimbaji mmoja angalau, na kina wanawake, kwa kuwa ndio wanaofika mtoni kabla ya mtu mwingine yeyote.

Daftari linapokwenda

Sheria ile ya 2004 inampa kila mtu anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na inampa haki ya kwenda mahakamani kuidai. Inamwekea pia wajibu wa kuyalinda. Kijiji kinapaswa kuwa na kamati ya mazingira. Kama ya kwenu ni majina tu ukutani, ombeni iundwe upya kwenye mkutano mkuu. Mkutano huo hufanyika kila miezi mitatu, na kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea ni mjumbe. Ombeni dakika kumi za kusoma daftari, na mhakikishe kilichosomwa kimeingia kwenye muhtasari.

Kisha andikeni barua kupitia serikali ya kijiji, mwambatishe nakala za kurasa na muhtasari. Iende kwa mkurugenzi wa halmashauri, kwa uangalizi wa afisa mazingira, na nakala kwa ofisi ya kanda ya taasisi ya taifa ya usimamizi wa mazingira (NEMC), Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria na Afisa Madini Mkazi. Pelekeni kwa mkono. Nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe, kabla hamjaondoka mapokezi. Daftari lenyewe lisitoke kijijini. Apelekewe afisa nakala. Zikipita wiki nne bila jibu, andikeni barua ya pili inayotaja tarehe ya muhuri wa kwanza.

Ukurasa unaofuata tumeuacha wazi kwa makusudi. Andika jina la mto wako, sehemu yako ya juu, sehemu yako ya chini, na tarehe ya Jumamosi hii. Nenda na jirani yako, mapema, kabla karasha hazijaanza.