Baada ya Moto wa Msituni: Hatari Inayobaki Kisimani

Moto wa msituni ukishazimwa, wananchi hushukuru na kurudi katika shughuli zao. Lakini kwa afya ya jamii, hatari haiishi siku hiyo. Mwezi Oktoba 2020 moto uliunguza zaidi ya kilometa 90 za mraba za Mlima Kilimanjaro, na taifa zima lilifuatilia kazi ya kuuzima. Katika makala haya tutaeleza yale yanayobaki baada ya moto, na wajibu wa serikali za mitaa. Mfano wetu ni Kisiwa cha Mafia, penye vichaka vya mwambani, minazi mingi na nyumba za makuti.

Maji

Mafia imekaa juu ya mchanga na mawe ya matumbawe, mkabala na delta ya Rufiji. Mvua hupenya ardhini upesi. Maji hayo matamu, kwa kuwa ni mepesi kuliko maji ya chumvi, huelea juu ya maji ya bahari yaliyo chini ya kisiwa. Kwa hiyo visima vingi si virefu. Tena, mwamba wenye nyufa hauchuji maji vizuri. Uchafu uliopo juu hufika kisimani kwa urahisi.

Moto ukipita wakati wa kusi, mvua za vuli husomba majivu, makaa na udongo uliobaki wazi. Maji huingia tope na huwa na alkali. Hapo klorini hupungukiwa na nguvu kwa sababu mbili. Kwanza, mabaki ya mimea huitumia klorini kabla haijawafikia vijidudu. Pili, alkali hupunguza ile sehemu ya klorini iliyo kali zaidi kwa kuua vijidudu. Hivyo mtu aweza kutia dawa kwa kipimo chake cha kila siku, akaamini kuwa maji ni salama, kumbe sivyo.

Njia iliyo bora ni hii: maji yaachwe yatulie, yachujwe kwa kitambaa safi, ndipo yatiwe klorini. Baada ya dakika 30 yapimwe. Klorini iliyobaki isipungue nusu miligramu kwa lita. Pasipo na kipimo, maji yachemshwe mpaka yatokote.

Moshi na majivu

Chembe za moshi zenye madhara makubwa zaidi ni ndogo mno: upana wake haufiki sehemu mbili na nusu kati ya elfu moja za milimita, yaani kama sehemu ya 30 ya unene wa unywele. Kitambaa cha kawaida hakizizuii. Watoto, wazee, wajawazito na wenye pumu wahamishwe mahali upepo usikoelekeza moshi. Majivu yasifagiwe makavu. Yanyunyiziwe maji kwanza, na mfagiaji avae viatu.

Vyoo

Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwahimiza wananchi kuchimba vyoo. Choo chenye kuta za makuti kikiungua, watu hurudi vichakani, na mvua ileile inayosomba majivu husomba kinyesi. Kipindupindu huanzia hapo.

Kazi ya halmashauri

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati za maafa hadi ngazi ya kijiji. Kamati isingoje wagonjwa wafike zahanati. Kabla ya mvua, afisa afya aorodheshe visima vilivyo karibu na eneo lililoungua. Kila kisima kijengewe ukingo na kifunikwe. Vyoo vya muda vichimbwe mbali na visima. Na minazi iliyoungua shina ikatwe isije ikaangukia watu. Vijiji navyo, kwa mamlaka vilivyopewa na sheria ya mwaka 1982, viweke sheria ndogo kuhusu uchomaji wa mashamba.

Ndugu msomaji, moto huonekana kwa mbali na kila mtu hukimbilia kuuzima. Maji machafu hayapigi kelele. Kati ya moto na mvua ya kwanza kuna majuma machache tu. Hayo ndiyo ya kufanyia kazi.