Mtihani kwenye dawati la watatu

Swali: Nafundisha Gredi ya Sita, Kawangware. Wanafunzi hukaa watatu kwa dawati na kuangaliziana majibu. Nifanyeje?

Jibu: Mwalimu, darasa lako nalijua hata bila kuliona, Kibera yako mengi ya namna hiyo. Kuwatenganisha hakuwezekani, basi tenganisha maswali. Gawa ubao mara mbili: wa katikati atafute eneo la shamba la mita 12 kwa 7, walio pembeni wafanye la 13 kwa 6. Kazi ni ile ile, jibu tofauti, wala hulipii fotokopi. Alama nyingi zitoe kwa njia, si kwa jibu tupu. Mabegi yakae mbele, nawe simama nyuma: mwenye mwakenya, kikaratasi cha kuibia, hugeuka kukutafuta.

Jihadhari sana na mitihani ya kununua. Karatasi hiyo hiyo ikifanywa Kibera Jumatatu na kwako Jumanne, maswali yatakutangulia. Tangu 2016 hata karatasi za KCSE, mtihani wa kitaifa wa sekondari, hutunzwa kwenye kontena na kutolewa asubuhi ya mtihani. Nawe fungua bahasha siku hiyo hiyo.

Na tafadhali, acha kubandika orodha ya nafasi ukutani. Mtoto anayeogopa kuwa wa mwisho ataiba tu.